Upinde Huu Asiuvute Mtu

Mwanangu Fausta,

Kabla ya yote ujue unaandikiwa na mtu mwenye bahati kuliko wanaume wote wa Babati, kuanzia Bonga mpaka Singe, na ukitaka ongeza Mutuka. Wengine wana mashamba, wengine wana ng'ombe, mimi nina bahati. Miaka thelathini na kitu nashika msasa na brashi na hakuna mbao iliyowahi kunikataa. Sijawahi kuharibu kazi ya mtu. Sijawahi kufukuzwa mahali. Hakuna aliyewahi kuumia kwa kitu kilichopita mikononi mwangu. Nairobi nilikaa miaka minne, nikaondoka kwa hiari yangu, tajiri akanisindikiza analia kama amefiwa. Ndiyo baba yako huyo. Hata hili jina la Injinia sikulisomea. Niliacha shule kidato cha pili, nikalala, nikaamka nalo.

Sasa nimeshajisifu, nikuambie kilichonikalisha hapa. Nimejaribu kukisema kwa mdomo mara tatu tangu asubuhi, na mara zote tatu umeishia kucheka. Ule upinde ulioufunga kwa kitenge cha mama yako ukauweka juu ya begi, umepasuka. Mkono wa chini. Mimi ndiye niliyeupasua, na mimi ndiye niliyeuficha ufa. Keshokutwa huko Dar es Salaam, yule mwigizaji akiuvuta mbele ya kamera kama wanavyotaka, unaweza kukatika ukamrukia usoni. Soma hapo mara mbili. Upinde huo asiuvute mtu.

Mtu wa maneno machache angesaini hapa akaenda kulala. Lakini unanijua, nikiulizwa saa naanzia kwenye kiwanda cha saa. Na safari hii nina sababu ya kurefusha. Nikikuambia nusu, nitakuwa nimepaka rangi tena.

Uko chumba cha pili na mama yako, mnapanga begi. Nawasikia.

“Mama, Dar kuna joto, sweta la nini?”

“Basi lina baridi asubuhi. Utalivaa ndani ya basi.”

“Hili la kijani? Nitashuka watu wanicheke.”

“Wakikucheka utakuwa umefika salama.”

Hayo ya sweta, ya kupiga simu, ya kula na ya kuangalia mizigo kituoni namwachia yeye, ana cheti chake. Mimi nina hili moja tu, na linanitosha.

Upinde ule ulipokuja wiki tatu zilizopita kwenye lile boksi refu, nilicheka. Unakumbuka. Ulikuwa umetengeneza kofia za askari wa Kirumi kwa madebe ya mafuta, za mchezo wa Pasaka kanisani, ukazipaka kutu mpaka katekista akauliza tumezichimbua wapi. Picha zikatembea kwenye simu za watu, zikafika kwa huyo dada wa Dar anayesimamia vifaa vya maigizo. Akakutumia upinde kwa basi, kama mtihani. Uutengeneze ufanane na ule wa yule shujaa wa tamthilia ya nje ambayo mji mzima unaangalia, ila uonekane umepita vita vitatu. Ukifaulu, una kazi. Usipofaulu, unarudisha upinde wa watu na maisha yanaendelea.

Nikautoa kwenye boksi. Unang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Maandishi meupe ubavuni. Ncha zake zimejikunja kwenda mbele, kama midomo ya mtu aliyenuna.

“Huu umepita vita vitatu?” nikakuuliza. “Huu hata ugomvi wa kuku haujauona.”

“Ndiyo kazi yenyewe, Baba. Niufanye uwe umeuona.”

Mimi maisha yangu yote nafanya kinyume chake. Analetwa kabati la marehemu bibi, limeliwa na panya, limemwagikiwa mafuta ya taa, mimi natoa kabati la bibi harusi. Sasa mwanangu ananiomba benchi langu ili achukue kitu kipya akizeeshe! Nikamwambia Baba Joni, fundi baiskeli wa jirani, kwamba nimesomesha mtoto kidato cha nne ili aje anirudishe nyuma. Akasema, “Mwache, Injinia, labda ataanza na wewe, wewe umeshazeeka bure.”

Lakini nilikuwa nakuangalia. Sikukuambia, ila nilikuwa naacha kazi za watu nakuangalia. Ulikwangua ile vanishi kidogo kidogo, msasa laini, hukutaka kugusa ule utando wa faiba uliobandikwa juu ya mbao. Ukaloweka misumari ya kutu kwenye siki siku nne. Ukachemsha majani ya chai mpaka yakawa meusi tii, mama yako akauliza ni nani anayeumwa. Ukapaka chai kwanza, ikakauka, ukapaka maji ya kutu juu yake, na mbao ikageuka mbele ya macho yangu, ikawa ya kijivu na nyeusi kama nguzo ya zizi. Mimi nikachukua brashi nikusaidie, nikaanza kuchakaza kila mahali, juu, chini, pembeni, kwa moyo mmoja. Ukanishika mkono.

“Baba, hapana. Kitu hakichakai kila mahali. Kinachakaa pale kinapoguswa.”

Ukanionyesha. Pale mkono unaposhika pawe laini na peusi kwa jasho. Pale mshale unapopita pawe na mikwaruzo midogo ya kuelekea upande mmoja. Ncha ya chini, ambayo mtu huisimamisha ardhini akichoka, ndiyo iliwe. Mahali ambapo hakuna mtu angegusa, ukapaacha. Nikakaa kwenye kigoda. Miaka thelathini naangalia samani za watu, na sijawahi kujiuliza kwa nini mkono mmoja wa kiti umeliwa kuliko mwingine. Nilijivuna siku ile kuliko siku uliyozaliwa, maana siku uliyozaliwa sikufanya lolote zaidi ya kusimama nje na kuwasumbua manesi.

Ijumaa ukaenda Dareda kumuaga bibi yako. Kabla hujaondoka ulisema mambo mawili. La kwanza, upinde umekwisha, usiguswe. La pili, kamba isiwekwe mpaka urudi, kwa sababu kuna namna yake. Namna yenyewe ulikuwa umenionyesha kwenye simu juma lililotangulia. Upinde wa aina ile hauwekwi kamba kwa kufuata mkunjo wake. Unaukunja kinyume, zile ncha zilizonuna zinabaki zimetazama mbele. Ulinionyesha mara mbili, nikaitikia kwa kichwa. Fausta, nilikuwa naangalia viatu vya yule mzungu wa kwenye video.

Saa nne hivi Baba Joni akaingia na wateja wake wawili waliokuwa wanasubiri baiskeli.

“Injinia, hiki ni upinde au hanga ya koti?”

“Huo ni upinde wa sinema. Wewe utaelewa wapi, sinema ya mwisho uliyoangalia ilikuwa ya chanjo ya ng'ombe.”

“Upinde usio na kamba? Hata mama yangu ana upinde basi, anafagilia.”

Wale wateja wakacheka. Ningenyamaza hapo. Ningesema ni kazi ya binti yangu, kasema usiguswe. Maneno saba tu. Nikasema, “Mimi ukoo wetu umeshika upinde kabla baba yako hajajua kuna baiskeli. Babu yangu alikuwa anamwangusha swala amefumba jicho moja.”

“Alifumba kwa kuwa alikuwa nalo moja,” Baba Joni akasema.

Basi, nikachukua kamba.

Babu yangu kweli alikuwa na upinde. Nilimwona nao nikiwa mdogo. Ni fimbo tu, imenyooka, kamba ndiyo inayoipinda. Huwezi kukosea, maana haina mbele wala nyuma. Na mimi nikauona upinde wako umeshajipinda wenyewe, nikasema hii imerahisishwa, inanionyesha njia. Nikaweka goti, nikaukunja kufuata mkunjo wake. Kamba ikaingia ncha ya kwanza. Ikaingia ya pili. Ulikuwa umekunjika kama pembe ya ng'ombe, na mimi nikasimama katikati ya karakana kama niliyeushinda mji. Baba Joni akapiga makofi. Nikavuta.

Kamba haikufika hata kwenye kidevu. Mlio wake haukuwa mkubwa. Ni kama mtu amekanyaga bua kavu la mahindi.

“Kimelia nini hicho?” Baba Joni akauliza.

“Kamba inajiweka sawa,” nikasema.

Akaamini. Mimi si ndiye Injinia? Nikawatoa nje kwa maneno, nikafunga mlango, nikauangalia. Karibu na pale pa kushikia, mkono wa chini, ule utando wa faiba ulikuwa umeachana na mbao kwa urefu wa kidole cha kati, na mbao chini yake imechanika kwa urefu. Nilikaa chini kwenye maranda. Sikumbuki kama niliwahi kukaa chini kwenye maranda tangu nikiwa mwanafunzi wa kazi.

Nikuambie nilichokuwa nawaza. Sikuwaza kazi yako. Sikuwaza huyo mwigizaji, maskini, ambaye hata sura yake siijui. Niliwaza Baba Joni atacheka vipi. Ndiyo hivyo. Ukinichukia, nichukie kwa hilo.

Halafu mikono ikaanza kazi yenyewe, kwa sababu hilo ndilo mikono yangu inalijua kuliko yote. Gundi ile ya tyubu mbili, nikaisukuma ndani ya ufa kwa wembe. Nikamwomba Baba Joni mpira wa tyubu ya baiskeli, akanipa bila kuuliza wa nini, nikauzungushia kwa nguvu ubane. Asubuhi nikaufungua, nikajaza unga wa mbao na gundi pale palipobonyea, nikapiga msasa wako laini, nikapaka chai yako, nikapaka kutu yako. Huwezi kuamini. Ufa ukapotea. Lakini kwa kidole bado niliusikia, mstari mdogo, kwa hiyo nikakata ukanda wa ngozi ya mbuzi, nikauloweka kwenye chai, nikauzungusha pale juu kama vile askari wa zamani alikuwa ameutibu upinde wake porini. Na kwa sababu nilikuwa nimefundishwa na wewe, ngozi niliichakaza pale tu ambapo kidole kingegusa.

Umenifundisha kazi nikaitumia kukudanganya. Nimeandika sentensi hiyo nikaifuta, nimeiandika tena.

Ukarudi jana mchana. “Shikamoo, Baba,” na mkoba wa maharage ya bibi yako bado begani, ukaenda moja kwa moja kwenye benchi. Ukaona ngozi. Ukainama kuitazama. Nikajua umekwisha kugundua, na nitakuambia kitu kibaya, nilifurahi. Nikasema moyoni, afadhali.

“Hii umeweka wewe?”

“Nimeuongezea historia kidogo.”

Ukaugeuza, ukaupeleka kwenye mwanga wa mlango, ukarudi ukanikumbatia na vumbi langu lote. “Imekuwa nzuri kuliko nilivyowaza,” ukasema. Ukapiga picha, ukaituma Dar. Haikupita muda yule dada akakujibu kwa sauti, ukaniwekea nisikie. Alisema ile ngozi ndiyo imemaliza mchezo, aliyeiwaza ana jicho, na Jumanne mwigizaji wao mkuu mwenyewe atauvuta mbele ya kamera, wa kwanza kabisa. Ukarukaruka. Ukasema, “Baba, umesikia? Ana jicho!” Nikasema jicho hili limeanza Nairobi. Ukaenda kumwambia mama yako.

Mama yako alikuwa ameshajua. Ijumaa ile alikuwa nyuma ya karakana anaanika mahindi, na ule mlio aliusikia. Jana ulipolala akaniuliza.

“Baba Fausta, kile ulichokifunga kwa mpira wa baiskeli usiku kucha kilikuwa nini?”

“Dawa ilikuwa inakauka.”

“Dawa ya nini?”

Nikaanza kumweleza habari za gundi, aina zake na nchi zinakotoka. Akaningoja nikamaliza.

“Mtoto anaondoka na hicho?”

Nikageukia ukutani, nikavuta blanketi.

“Nakupa mpaka basi liondoke. Usipomwambia wewe nitamwambia mimi, na mimi sitaweka utani.”

Kwa hiyo nilijaribu. Mara ya kwanza ilikuwa asubuhi, kwenye chai. Nikasema huo upinde una siri. Ukasema siri gani. Nikafungua mdomo, na nilichosikia kinatoka ni kwamba upinde huo usiku unaimba Kigorowa. Ukacheka mpaka chai ikakupalia. Mara ya pili tukitoka kanisani, nikakuuliza, je, ukipasuka mbele ya watu? Ukanishika mkono ukasema, “Utapasukaje, Baba, na umepita mikononi mwako?” Hapo ungenipiga jiwe lingeniuma kidogo kuliko hilo. Mara ya tatu ilikuwa leo jioni mezani. Nilisema jina lako tu. Ukaniangalia. Nikasema niongezee mchuzi.

Watu wanafikiri mtu wa utani hana hofu. Utani ni vanishi, mwanangu, na mimi ninaipaka haraka kuliko mtu yeyote mkoa huu. Nakuambia nilichojifunza, kisha utaona mwenyewe kama kina maana. Kitu kikikuvunjikia, kuna muda mfupi wa mwanzo ambapo kusema ni rahisi. Ijumaa saa nne, Baba Joni amesimama pale, ningesema “nimeuharibu,” angecheka, ningechekwa wiki nzima, ungelia, tungempigia yule dada, basi. Kufika saa sita tayari ningehitaji kueleza kwa nini nilisema ni kamba. Jumamosi asubuhi ningehitaji kueleza gundi. Jumamosi mchana, lile kumbatio. Kila saa inaongeza koti la vanishi, na kila koti likikauka unahitaji msasa mkali zaidi kufika kwenye mbao. Leo ninapoandika, msasa unafika kwenye nyama.

Na ninaogopa. Wacha niliandike hivyo hivyo, sitapata ujasiri mwingine. Naogopa ukijua hutapanda hilo basi. Naogopa utapanda, watakufukuza siku hiyo hiyo, urudi hapa ukae miaka kumi ukinipigia msasa makabati ya wateja. Naogopa yule dada atasema aliyedanganya ni wewe, kwa sababu picha ilitoka kwenye simu yako na sauti ya kushukuru ilikuwa yako. Na naogopa uso wako utakapofika mwisho wa ukurasa huu kuliko hayo yote. Sina jibu la kukupa. Nimetafuta tangu juzi. Nilifikiria nijifanye nimeuangusha asubuhi kituoni. Nilifikiria niufiche nikuambie umeibwa. Unaona? Kichwa changu kikiachwa peke yake hutafuta koti jingine.

Kwa hiyo kabla ya kukaa kuandika, mkiwa jikoni, nimefungua kile kitenge. Nimeikata ile ngozi kwa kisu. Nimekwangua chai, nimekwangua kutu, nimekwangua unga wangu wa mbao mpaka ufa umetoka wazi kwa urefu wake wote. Sasa unaonekana hata na mtu aliyeko ng'ambo ya barabara. Umekuwa mbaya, na nimekuharibia kazi yako nzuri mara ya pili, lakini sasa hakuna mtu atakayeuamini. Nimeufunga tena kwa kitenge; kamba nimeitoa, ninayo mfukoni, na sikupi. Huo upinde unaweza kuning'inizwa ukutani nyuma ya mtu kwenye picha, unaweza kubebwa mgongoni. Kuvutwa, hapana. Gundi ile inashika kiti. Haishiki kitu kinachovutwa na kuachiwa.

Barua hii nitakupa leo, kabla hujalala, mkononi. Si kesho kituoni. Kituoni kuna watu, na nikiona watu nitachekesha. Utaisoma mbele yangu, nami nitakaa hapo mlangoni nimefunga mdomo, mama yako ni shahidi. Ukimaliza, mpigie yule dada, saa yoyote ile. Mwambie baba yangu kaupasua na kauficha, mimi nilikuwa Dareda. Akitaka kunisikia nipe simu, nitasema hivyo hivyo, bila Nairobi ndani yake. Ukitaka kwenda, nenda, mtihani wako ulifaulu Ijumaa asubuhi kabla sijaugusa, na zile picha za kabla ya ngozi bado unazo. Ukitaka kukaa, ni mimi nitakayebeba begi kulirudisha ndani.

Kuna kitu kimoja kimebaki. Nimekizunguka kurasa zote hizi. Mama yako mwenyewe hakijui.

Nairobi nilifanya kazi kwenye karakana ya samani za kizamani. Aliyenifundisha aliitwa Kyalo, Mkamba, mkubwa kwangu kama miaka kumi. Yeye ndiye aliyenionyesha kupaka polishi kwa pamba iliyofungwa kitambaani, mviringo, bila kusimamisha mkono. “Mtanzania, pole pole,” alikuwa anasema, “mbao haikimbii.” Tulikula sahani moja. Karakana ile ilikuwa na desturi: anayemaliza polishi anaandika jina lake kwa chaki chini ya kiti, ili kikirudi na kasoro ijulikane ni cha nani.

Siku moja nilikuwa naunga kiti cha mwalimu mmoja mstaafu, bibi. Kyalo alikuwa ametoka kwenda kula. Nikabana klampu kupita kiasi, guu la nyuma likapasuka pale linapoingia kwenye kikalio. Nikajaza unga wa mbao na gundi. Nikapaka rangi. Kyalo aliporudi akakuta kiti kimekauka, akakipiga polishi siku mbili, kikawa kama kioo, akaandika jina lake.

Baada ya mwezi watoto wa yule bibi wakakirudisha vipande vipande kwenye gunia. Mama yao alikuwa amekikalia, guu likakatika, akaanguka akavunjika nyonga. Hakusimama tena. Tajiri akageuza kikalio. Kyalo.

Kyalo akalichukua lile guu akaliangalia. Rangi ya unga ule aliijua, ni mimi peke yangu niliyekuwa nauchanganya hivyo. Akainua macho akaniangalia, na hakusema neno. Alinipa nafasi. Ilikuwa nafasi ndefu, Fausta, mpaka leo ninaweza kuipima. Mimi nikainama nikaanza kupanga misumari kwenye kopo, mikubwa huku, midogo huku.

Akafukuzwa mchana ule. Nikambebea sanduku lake la vifaa mpaka kituoni. Akapanda, akanyoosha mikono kulipokea, akasema, “Asante. Ni zito hilo.” Sijamwona tena. Wiki mbili baadaye nikatoroka alfajiri, mshahara wangu nikauacha, kwa sababu tajiri alikuwa amenipa benchi la Kyalo.

Chini ya upinde huo hakuna chaki. Lakini watu wa Dar wangeugeuza, na jina ambalo wangeliona ni lako.

Kwa hiyo yale niliyoanza nayo kuhusu bahati ni uongo. Niliharibu kazi za watu, nilimvunja bibi wa watu nyonga, nilimwachia mwenzangu afukuzwe badala yangu, na Nairobi hakuna aliyenisindikiza.

Baba yako